Ndimu Tamu za Jumbe Tembo

Hapo zamani za kale, kale kweli kweli, kabla kuku hajakubali kulala kwa watu, wanyama walikuwa na nyumba zao, vinu vyao, mikeka yao, na midomo yao ya kusengenyana. Sogeeni hapa. Na wewe unayetafuna muwa, tafuna polepole, nataka nisikike.

Katika nchi hiyo alikuwako Bi Kindi. Mdogo! Ukimtia kwenye kibaba, kibaba hakijai. Lakini mikono yake, wanangu, mikono ile ilikuwa haijui kukaa bure.

Mnaijua tabia ya kindi. Kindi wote huzika mbegu wapate kula siku ya njaa, kisha husahau walikozizika. Ndivyo walivyoumbwa, msiwacheke. Bi Kindi naye alikuwa hivyo hivyo. Mwaka mmoja alizika kokwa la embe mlangoni kwake, akalisahau kabisa. Mvua zikaja, zikaondoka. Asubuhi moja anatoka kufagia, anakuta kitu kimesimama njiani, kina majani membamba, mekundu, laini kama sikio la mtoto.

"Ala! Na wewe nani?"

Akafukua kidogo, paru paru paru! Kumbe ni kokwa lake mwenyewe, limepasuka, limetoa mzizi. Kindi mwingine angelitafuna pale pale. Yeye alikaa kitako akalitazama mpaka uji wake ukaungua jikoni. Kisha akalifukia tena taratibu, akalimwagia maji.

Toka siku hiyo akawa mwendawazimu wa miti.

Alikuwa na shoga yake, Bi Korongo, mwenye miguu mirefu na safari zisizokwisha. Kila mwaka huaga, kila mwaka hurudi, na zawadi mkononi.

"Shoga," alisema Bi Korongo akijiandaa kuondoka, "safari hii nikuletee nini? Leso? Marashi?"

"Niletee mbegu."

"Mbegu gani?"

"Yoyote ambayo hapa kwetu haijapata kuonekana."

"Mh! Wenzio huomba marashi."

"Marashi yataisha, Bi Korongo. Mbegu haiishi."

Basi akawa analetewa. Kutoka bara Hindi zikaja mbegu za fenesi. Kutoka nchi za machweo, mbali kule ng'ambo ya bahari ya pili, ikaja kakao, na vanila nayo, kipande cha mtambaa ambacho ukikitazama utadhani ni kamba tu ya kuokota. Kutoka visiwa vya mawio ikaja shokishoki. Na mwaka mmoja Bi Korongo alitua uani, puu! mashavu yamevimba, haitikii hata salamu. Akatema mbegu nne juu ya jani, zimefungwa kwa ukoga, zile nyuzi za kijani za mtoni.

"Doriani!" akasema akihema. "Mwenye nayo kaniambia ikikauka tu imekufa. Nimeibeba mdomoni na ukoga wake, njia nzima sikusema neno."

"Wewe? Hukusema neno?"

"Njia nzima!"

"Basi hizi mbegu zina thamani," akasema Bi Kindi, akazipanda saa ile ile, hata maji ya kunywa mgeni hajampa.

Sasa nyinyi mnafikiri kupanda ni kuchimba shimo na kwenda zenu kucheza. Thubutu! Bi Kindi aliijua miti yake kama mama anavyojua wanawe, huyu mlalamishi, huyu mkimya, huyu hali mpaka abembelezwe. Kakao haitaki jua la utosini, basi akaipanda chini ya migomba. Mshokishoki hauvumilii upepo, basi akauweka bondeni. Vanila ndiyo ilikuwa na deko kuliko wote. Ua lake hufunguka asubuhi na kufumba mchana, na nyuki wa kwetu hawalijui, hupita tu kama hawaoni. Bi Kindi akachukua mwiba wa mlimau, akapanda juu, akalifungua ua kwa ncha ya mwiba, akaunganisha unga wake na tumbo lake kwa kidole, ili lizae. Ua moja moja! Kila asubuhi! Mimi nimeishi miaka yangu na sijaona mwenye subira ya namna hiyo, wala sidhani nitaona.

Ukingoni mwa shamba alipanda ua mnene wa mindimu, milimau na mibirimbi, ili nguruwe wasiingie. Mibirimbi ile ilizaa mpaka kwenye shina, matunda yananing'inia kama vidole, na machachu! Ukiliuma moja jicho linafumba lenyewe.

Na huko nyuma, kwenye kivuli, palikuwa na kichaka kimoja kifupi, kinamfika jirani yake Kanga shingoni. Mbegu yake ilitoka misitu ya magharibi. Kilichukua miaka kukua, kikataka udongo wa majani yaliyooza, kikazaa vitunda vyekundu vidogo kama ncha ya kidole, visivyo na ladha ya maana. Bi Kindi alikula kimoja kwa kukisikitikia tu, maana kilihangaika sana kuzaa. Kisha akaendelea na kazi. Koo likamkauka, akauma ndimu.

Akasimama. Akaitazama ile ndimu. Akauma tena.

"Ndimu tamu? Mimi naumwa!"

Ilikuwa tamu kama asali! Akakimbilia birimbi: tamu! Akakimbilia limau: tamu! Akaenda kulala, akijua ni homa. Alipoamka akaonja tena ndimu, uso ukamkunjika mpaka masikio yakakutana. Ndipo akaelewa kuwa ni kile kitunda. Ukikisugua ulimini, kila kichachu kinageuka sukari, mpaka kivuli kisogee kidogo, kisha ulimi unarudi kama ulivyokuwa. Hakumwambia mtu ila Bi Korongo.

Haya. Miaka ikapita, midoriani ikapanda juu ya nyumba, juu ya migomba, na mwaka huo, kwa mara ya kwanza, ikazaa. Bi Kindi alilala chali chini yake mchana kutwa, akiyahesabu matunda na kusahau hesabu na kuanza tena. Alilia kwa furaha, nasema kweli, alilia.

Lakini habari haina mlango. Ikamfikia Jumbe Tembo.

Jumbe huyu alikuwa mkubwa, na alipenda kila mtu akumbuke hivyo. Alikuwa ameweka sheria yake, ikiitwa sheria ya ugwe. Ikiwa shamba la mtu limependeza, Jumbe huja na ugwe, ile kamba nyembamba ya mgomba. Huchagua nusu ya mimea, akaifunga ugwe mbele ya mashahidi. Alichokifunga ni chake. Kisichofungwa kinabaki kwa mwenyewe, na Jumbe harudi kufunga tena shamba hilo. Na ugwe ukishafungwa haufunguliwi, milele na milele. Kwa sheria hiyo aliifunga mihogo ya Digidigi, ile minono yote, akamwachia ile iliyokonda. Aliufunga mtama wa Kanga. Aliyafunga matuta ya viazi ya Nungunungu. Yeye mwenyewe Jumbe hakuwa na hata jembe. Jembe la nini?

Basi alasiri moja akaja Kifaru, shemeji yake Jumbe, ambaye macho yake hayaoni mbali na hasira zake haziko mbali. Akapita katikati ya miche, kraa kraa kraa.

"Wewe Kindi!"

"Abee, bwana mkubwa. Tazama miguu, hiyo ni miche."

"Kesho Jumbe anakuja na ugwe. Anataka vile vya kigeni. Vitamu kuliko vyote. Fagia njia!"

Akaondoka, kraa kraa, juu ya miche ile ile.

Bi Kindi akabaki amesimama, fagio mkononi. Kisha akakaa chini na machozi yakamtoka. Nusu! Na nusu ya Jumbe ni ile nusu nzuri siku zote. Ataifunga midoriani, ataufunga mshokishoki, ataivunja ile vanila kwa makalio yake akijikuna. Bi Korongo alikuwa amerudi wiki ile, akamkuta hapo.

"Shoga, jipanguse. Tuing'oe usiku tuifiche."

"Mdoriani uufiche wapi, Bi Korongo? Mkobani?"

"Basi tumwambie ni sumu."

"Atamwonjesha Digidigi kwanza, na Digidigi atasema tamu. Jumbe si mjinga. Ni mlafi tu." Akageuza kichwa kuelekea kule nyuma, kwenye kivuli. Mkia ukaanza kucheza.

"Unawaza nini?"

"Nawaza," akasema Bi Kindi, akainuka na kujikung'uta vumbi, "kwamba wageni hawa hawajapata kukaribishwa vizuri hata siku moja. Nisaidie kuchuma."

Kesho yake, jua lilipokuwa limepanda vizuri, ardhi ikaanza kutetema. Dii! Dii! Dii! Jumbe Tembo huyo, mzigo wa ugwe mgongoni. Kifaru nyuma yake. Na nyuma yao mashahidi, maana sheria inataka mashahidi: Digidigi na miguu yake myembamba, Kanga, Nungunungu, na wengine wengi, wote vichwa chini kama wanaozika.

Bi Kindi alikuwa ametandika mkeka mpya. Amevaa leso safi. Moyo ndani unapiga du! du! du! lakini usoni kicheko tu.

"Karibuni, karibuni wakubwa zangu! Shikamoo Jumbe! Kaeni."

"Sikuja kukaa, Kindi. Nimekuja kufunga."

"Utafunga, Jumbe, nani atakuzuia? Lakini utafungaje usichokionja? Ukibahatisha ukafunga kibaya, mimi ndiye nitakayeona aibu. Watasema Bi Kindi kamdanganya Jumbe."

Tembo akapepea masikio. "Hilo ni kweli."

"Basi nitawaonjesha kila kilichomo, hata kimoja sifichi, na mashahidi wanaona. Ila kwetu mgeni hali kabla hajafungua kinywa." Akaleta jani la mgomba, juu yake vile vitunda vyekundu, vingi vingi kwa Jumbe, vingi kwa Kifaru. "Msimeze mara moja. Sugueni ulimini, kushoto, kulia, temeni kokwa."

"Hivi ni nini?" akauliza Kifaru. "Havina ladha!"

"Ni vya kufungulia kinywa tu, bwana mkubwa. Utamu uko mbele."

Wakasugua. Mwa mwa mwa mwa. Wakatema.

"Haya sasa," akasema Bi Kindi, "tuanze na yaliyotoka mbali."

Akawapeleka moja kwa moja kwenye midoriani. Bi Korongo akashtuka, akamvuta leso. "Shoga, unafanya nini?" akanong'ona. Bi Kindi akazidi kwenda. Alikuwa ameahidi kutoficha hata kimoja, na asubuhi ile doriani moja lilikuwa limeiva likaanguka, limepasuka. Na doriani likipasuka, wanangu, ah! Sijui niwaambieje.

Jumbe Tembo akainua mkonga. Mkonga mrefu ule, na wote ni pua! Akaurudisha haraka, akaukunja, akauficha nyuma ya mguu.

"Nani amekufa humu?" akanguruma Kifaru, ambaye macho hana lakini pua anayo.

"Hajafa mtu, bwana mkubwa. Ndilo tunda. Ndani tamu sana, wallahi, laini kama samli. Onja, Jumbe."

"Niondolee!"

"Hata kidogo? Mashahidi wanaona, mimi nimekukaribisha."

"Nimesema niondolee! Miti hii sitaki hata kuisikia."

Bi Kindi akavuta pumzi. Wakaenda bondeni. Mshokishoki ulikuwa umezaa mpaka matawi yameinama, mashada mekundu, kila tunda na manyoya yake. Kifaru akasogeza uso karibu kabisa, maana haoni mbali, manyoya yakamtekenya pua.

"Mama yangu! Kinatambaa!"

"Hakitambai, ni tunda. Unalimenya, ndani jeupe, maji matupu, tamu..."

Hapa Jumbe akanyoosha mkonga. Taratibu. Akaligusa moja. Bi Kindi akaikamata leso yake. Kama atalimenya! Kama atalitia mdomoni!

"Shemeji," akasema Kifaru, "wewe ni Jumbe. Utakula viwavi mbele za watu?"

Mkonga ukarudi. "Sili chenye manyoya," akasema Jumbe kwa heshima zake.

Fenesi? Lilimgandisha Kifaru midomo kwa utomvu kabla hajafika ndani, akawa anasema "Mmmf! Mmmf!" mpaka alipopakwa mafuta. Kakao ilipasuliwa, Jumbe akaziona zile mbegu zenye utelezi mweupe, akasema zinafanana na kohozi. Vanila aliitazama, akauliza kamba ile ni ya kufungia nini.

"Kindi!" akapaza sauti. "Unanizungusha kunifanya mjinga? Utamu uko wapi?"

"Jumbe, nisamehe. Nimebakiwa na hivi vya ukingoni tu. Ni vya kwetu hapa hapa, hata sijui kama vinakufaa." Akaikata ndimu moja, akaiweka kwenye jani, akarudi nyuma hatua.

Nungunungu alimkonyeza Kanga. Digidigi alifumba macho.

Jumbe akaitia mdomoni. Akatafuna. Masikio yakamsimama.

"Loooo!"

"Nini, shemeji?"

"Asali! Shemeji, hii ni asali iliyotiwa ubaridi! Onja!"

Kifaru akaonja. Akaguguna na ganda. Akarukia limau. "Na hili! Weee! Na hili!" Akarukia birimbi, akafumba macho kwa utamu, matone yanamdondoka kidevuni. "Kumbe! Kumbe haya yote anayafanya ua wa kuzuia nguruwe! Mjanja huyu! Alikuwa anatupitisha kwenye uvundo na manyoya, vitamu kaviweka mwisho!"

"Umekamatika, Kindi," akasema Jumbe akicheka, "umekamatika leo."

Bi Kindi akajifunika uso kwa leso. Mabega yanatikisika. Wao wakadhani analia.

"Jumbe, niachie japo mbirimbi mmoja wa achari..."

"Thubutu!"

Wakafunga, wanangu! Wakafunga mindimu yote, milimau yote, mibirimbi yote, kila shina na ugwe wake, haraka haraka wasije wakakatazwa. Ilipotimia nusu ya shamba, ugwe ukabaki, wakautupa.

"Na kile kichaka kule nyuma?" akauliza Kanga. Kanga naye mdomo wake!

Kifaru akakitazama. "Kile? Hakinifiki hata goti. Mwachieni maskini acheze nacho."

Jumbe akasimama katikati akatangaza kwa sauti ya kuitisha mvua. "Mashahidi! Nimechagua nini?"

"Mindimu, milimau na mibirimbi, Jumbe."

"Kwa hiari ya nani?"

"Kwa hiari yako, Jumbe."

"Ugwe hufunguliwa?"

"Haufunguliwi, Jumbe. Milele na milele."

"Basi kesho nyote njooni hapa hapa. Nafanya karamu. Wakwe zangu nao watakuja, waone Jumbe anakula nini!"

Kesho yake watu hawakubaki majumbani. Ngoma, vigelegele, wakwe wamekuja kutoka ng'ambo ya mto na watoto wao. Jumbe alikuwa amepaka tope jipya mwili mzima. Malundo ya ndimu, malundo ya malimau, malundo ya birimbi, yamemenywa, yamekatwa. Bi Kindi alikaa kwake, upande wa nusu yake, anapalilia. Hakuitwa, lakini masikio si yake?

"Wakwe zangu," akasema Jumbe, "hamjapata kula kitu kama hiki. Msile kwa adabu. Jazeni vinywa!"

Akajaza chake kwanza, kuwaonyesha. Kifaru akajaza chake. Wakwe wakajaza vyao.

Kracha! Wakauma wote kwa pamoja.

Mtume! Laiti mngekuwako! Mkwe mkubwa alitoa macho yote mawili nje, yakasita kurudi. Bibi yake akapiga chafya. Watoto wakaanza kulia, uwaaa! Kifaru akazunguka kama anayefukuza nyuki, "Aaaakh! Aaaakh! Meno yamekufa ganzi! Ulimi wangu! Nani kauchukua ulimi wangu!" Na Jumbe, Jumbe mkonga ulijikunja wenyewe mpaka ukawa kama kitumbua.

"KINDI!"

"Abee, Jumbe," akaitikia Bi Kindi, jembe mkononi.

"Hii ni nini?"

"Ndimu, Jumbe."

"Jana ilikuwa tamu!"

"Jana ulikuwa umekaribishwa. Ulifungua kinywa kwanza."

Jumbe akakumbuka. Macho yakamng'aa. "Vile vyekundu! Nipe vile vyekundu, upesi, wakwe wananitazama!"

"Viko kwenye nusu yangu, Jumbe. Hukuvifunga. Na sheria yasema Jumbe harudi kufunga."

"Sheria yangu nitaifungua mimi mwenyewe! Huu ugwe wote ufunguliwe sasa hivi, nichague upya! Nitafunga ile ya manyoya, nitafunga ile inayonuka!"

Hilo Bi Kindi hakuwa amelipangia. Alijua kuchezea ulimi wa Jumbe, lakini Jumbe akiamua kuvunja neno lake mbele ya watu wote, kindi atafanya nini? Midoriani ile akaiona inakwenda.

Ndipo ikasikika sauti nyembamba huko nyuma.

"Samahani, Jumbe."

Alikuwa Digidigi. Anajipenyeza mpaka mbele.

"Nauliza tu, Jumbe. Kumbe ugwe hufunguliwa?"

Ngoma zikanyamaza.

"Kwa sababu," akasema Digidigi, "ukifunguliwa wa hapa, na mimi kule nina mihogo."

"Na mimi mtama," akasema Kanga.

"Mimi matuta ya viazi," akasema Nungunungu, miiba ikisimama mmoja mmoja, ch, ch, ch.

Jumbe akawatazama. Alikuwa mlafi, nilishawaambia, lakini mjinga hakuwa. Akaelewa kwamba chakula chake chote, cha asubuhi na cha jioni, kimening'inia kwenye ugwe huo huo. Akauangalia ule mlima wa ndimu. Akameza. Akachukua ndimu moja kwa ncha ya mkonga, akaitia mdomoni. Akatafuna. Machozi yakamtiririka mashavu yote mawili.

"Tamu," akasema.

Wakwe wakatazamana.

"Tamu sana. Wakwe, endeleeni." Akachukua nyingine.

Na mambo yangekwisha hivyo, na Jumbe angekula ndimu mpaka leo, kama si Kifaru. Kifaru alikuwa hasikii la mtu. Kinywa kinawaka, meno hayana habari, mafuta ya fenesi la jana bado yako mdomoni. Akaona shina la mbirimbi mbele yake, na ugwe wake.

"Mimi tamu siitaki!" akapiga kelele. "Mti huu siutaki! Chukua mti wako, Kindi!" Akatia pembe chini ya ugwe, akavuta. Pwa! Ukakatika.

"Shemeji, usi...!"

Pwa! Wa pili. Pwa! Wa tatu. Ukaanguka chini, mbele ya mashahidi wote.

Basi ugwe umefunguliwa, na aliyeufungua ni wa upande wa Jumbe mwenyewe. Kisha Digidigi akageuka, puruuu! vumbi tu limebaki. Kanga nyuma yake, Nungunungu nyuma yake, wote, wakubwa kwa wadogo, kila mmoja kwa shamba lake. Na bonde zima likasikika pwa! pwa! pwa! ugwe unakatwa, na juu yake vigelegele.

Bi Kindi alikaa kitako ghafla kama alivyokaa siku ile ya kokwa lake la kwanza. Yeye alitaka kuokoa midoriani yake tu. Haya mengine hakuyapanda, yaliota yenyewe. Bi Korongo, aliyekaa kimya kutoka nchi ya doriani mpaka hapa na mbegu mdomoni, safari hii alishindwa, akapiga kelele mpaka sauti ikamkauka.

Wakwe waliondoka bila kuaga. Kifaru alikwenda kujitumbukiza mtoni kichwa kizima. Jumbe Tembo akabaki peke yake kati ya malundo ya ndimu, tope limeanza kumkauka na kumbanduka. Jioni njaa ikamuuma. Akasogea mpaka kwenye miche ya Bi Kindi, akasimama nje yake, akitazama chini asikanyage.

"Bi Kindi," akasema. Hakuwahi kumwita Bi. "Sasa mimi nitakula nini?"

Bi Kindi alimtazama tangu unyayo mpaka utosi, na kumtazama huko kulichukua muda. Akaingia ndani, akatoka na mbegu za fenesi kwenye jani bichi, bado zina unyevu wake.

"Mbegu ninazo, Jumbe, na nyingi. Wa kuinama humo shambani ni wewe."

Na wanasema aliinama.

Basi wanangu, funzo ndilo hili: anayenyang'anya jasho la mwenzake bila kujua limetokaje, hupata uchachu wake tu, na utamu unabaki kwa aliyepanda.